Anga la Nyanda za Juu Kusini: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza Kujifunza Astronomia

Mbeya iko nyuzi 9 hivi kusini mwa ikweta, na Iringa iko karibu nyuzi 8. Kwa mtu anayetaka kulijua anga, hiyo ni nafasi ambayo mkazi wa London hawezi kuipata hata akinunua darubini ya bei kubwa kiasi gani. Ukikaa mwaka mzima hapa unaona karibu anga lote: nyota zote za kusini, na za kaskazini isipokuwa duara dogo linaloizunguka Nyota ya Kaskazini, ambayo kwetu haichomozi kabisa. Ongeza mwinuko. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na uwanda wa Kitulo unapita mita 2,600. Hewa ni nyembamba, na kuanzia Juni hadi Agosti mara nyingi ni kavu na safi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usianze na pesa. Anza na macho, daftari, penseli na kijiti cha mita moja. Mtu aliyejifunza anga kwa macho kwa miezi sita atafaidi darubini yoyote atakayoishika. Aliyeanza kwa kununua darubini huishia kuutazama mwezi mara chache, kisha chombo kinawekwa juu ya kabati.

Msimu na mahali

Mvua zetu huanza Novemba na kuisha Aprili au Mei. Katika miezi hiyo anga hufunguka kwa vipande, na baada ya mvua ya mchana unaweza kupata saa mbili safi kuliko usiku wowote wa kiangazi, kwa sababu vumbi limeoshwa. Usiudharau msimu huo, ila usipange safari kwa kuutegemea. Safari panga Juni, Julai au Agosti. Kuanzia Septemba moshi wa kuchoma mashamba na nyika hulitia ukungu anga la chini, na nyota zilizo karibu na upeo wa macho hupotea.

Panga pia kwa kuangalia mwezi. Usiku wenye mwezi mpevu haufai kwa nyota hafifu. Wiki nzuri inaanza siku chache kabla ya mwezi mwandamo na kuishia mwezi unapofikia nusu.

Kuhusu mahali, huhitaji kwenda mbali. Toka nje ya taa za mji, tafuta uwanja ulio wazi upande wa kusini, na hakikisha taa ya barabarani haikupigi usoni. Mbeya mjini safu ya Loleza imeziba sehemu ya kaskazini lakini kusini kuna nafasi. Iringa watu hupenda kupanda jiwe la Gangilonga. Kwa machweo ya jua na sayari za jioni panafaa sana, ila taa za mji ziko chini yako, kwa hiyo kwa Njia Nyeupe, ule ukanda mweupe wa nyota unaokata anga, nenda nje zaidi. Tukuyu na Rungwe kwa ujumla kuna mawingu mengi. Bonde la Usangu, upande wa Mbarali, ni tambarare na upeo wake uko wazi pande zote. Pahali pazuri kuliko pote, kwa maoni yangu, ni upande wa Kitulo: unapanda kutoka Chimala kwa ile barabara ya kona hamsini na saba hadi Matamba, unalala kijijini, na usiku unatoka uwanjani. Ndani ya hifadhi yenyewe fuata taratibu za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa.

Baridi ichukulie kwa uzito. Makete na Kitulo hupata barafu ya usiku Juni na Julai, na mtu aliyesimama bila kujongea hupoa haraka kuliko anayetembea. Vaa koti, kofia ya sufu, soksi mbili, chukua blanketi na chupa ya chai. Tandika turubai au mkeka ulale chali, maana shingo ikianza kuuma utarudi ndani kabla ya anga kukuonyesha kitu.

Na jambo ambalo miongozo mingi hailisemi: mtu anayezunguka shambani usiku na taa nyekundu huzua maswali. Mweleze mwenyekiti wa kijiji au mjumbe, mwombe ruhusa mwenye eneo, msiwe chini ya watu wawili. Mara nyingi majirani wakishajua, wanakuja na watoto wao kutazama.

Zoeza macho

Jicho likitoka kwenye mwanga huhitaji dakika 20 hadi 30 ili lione vizuri gizani. Kioo cha simu kikikuangaza mara moja, unaanza upya. Funga tochi kwa plastiki nyekundu au tabaka mbili za mfuko mwekundu, punguza mwanga wa simu hadi mwisho, na kama kuna wenzako, kubalianeni kabla.

Kuna mbinu nyingine. Ukitaka kuona kitu hafifu, usikikazie macho moja kwa moja. Angalia pembeni yake kidogo. Sehemu ya kati ya jicho ni hodari kwa rangi na mwanga wa mchana, lakini pembeni ndiko kwenye chembe zinazohisi mwanga mdogo. Ijaribu kwenye wingu lolote hafifu la anga, utaona linajitokeza.

Ngumi yako ni kipimo

Nyoosha mkono mbele, kunja ngumi, fumba jicho moja. Upana wa ngumi hiyo angani ni takriban nyuzi 10. Kidole kidogo cha mkono ulionyooshwa ni takriban nyuzi 1, na mwezi mpevu una nusu ya hapo tu. Mtoto ana mkono mfupi na ngumi ndogo, kwa hiyo kipimo kinabaki kilekile.

Sasa tafuta Msalaba wa Kusini. Katikati ya Juni, kama saa 1 na nusu usiku, unasimama wima upande wa kusini, ngumi nne hivi juu ya upeo. Mei unasimama hivyo kama saa 3 na nusu. Kushoto kwake kuna nyota mbili kali zinazouelekea: ya mbali na msalaba ni Alpha Centauri, ya karibu ni Beta Centauri. Bila nyota hizo mbili usikubali. Kuna msalaba bandia upande wa kulia, mkubwa zaidi na wenye nyota dhaifu, nao umewapotosha wengi.

Chukua urefu wa msalaba kutoka nyota ya juu hadi ya chini, endelea kuelekea chini mara nne na nusu ya urefu huo. Hapo ndipo ncha ya kusini ya anga ilipo, na kutoka Mbeya iko nyuzi 9 tu juu ya upeo, yaani karibu ngumi moja. Hakuna nyota kali hapo. Shuka moja kwa moja hadi ardhini: umepata kusini halisi bila dira. Na urefu huo wa nyuzi 9 ndio latitudo yako. Ukifanya hivyo Songea utapata kubwa kidogo, Dodoma ndogo kidogo.

Alpha Centauri inastahili dakika zako. Ni mfumo wa nyota ulio jirani kuliko yote baada ya Jua, umbali wa miaka ya nuru 4.3 hivi. Nuru husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, hutoka mwezini kwa sekunde 1.3 na kutoka kwenye Jua kwa dakika 8 na sekunde 20. Nuru unayoiona kwenye nyota hiyo iliondoka huko zaidi ya miaka minne iliyopita. Watu wengi wa Ulaya hufa bila kuiona.

Mwezi kwa mwezi, saa 2 usiku

Februari, kundi la nyota la Jabari (Orion) liko karibu na utosi. Nyota tatu za mkanda wake zimejipanga, upande mmoja Betelgeuse nyekundu, upande wa pili Rigel ya buluu-nyeupe. Sirius, nyota kali kuliko zote za usiku, iko juu mashariki, na Canopus, ya pili kwa ukali, iko upande wa kusini. Kaskazini-magharibi kuna Kilimia, kishada cha nyota ndogo ambazo macho mazuri huhesabu sita au saba. Umbali wake ni miaka ya nuru 440 hivi. Kilimia hupotea kwenye mwanga wa Jua mwezi Mei, hurudi alfajiri ya Juni, na kufikia katikati ya Novemba huchomoza mashariki Jua linapozama, wakati huku kwetu mashamba ya mahindi yanangoja mvua.

Agosti ndio mwezi wangu. Nge yuko juu ya kichwa, mkia wake umejikunja, moyoni mwake Antares nyekundu. Kando yake, nyota za Mshale zimejipanga kwa umbo la birika la chai, na Njia Nyeupe inaonekana kama mvuke unaotoka mdomoni mwa birika. Pale, umbali wa miaka ya nuru 26,000 hivi, ndipo kitovu cha galaksi yetu, mkusanyiko mkubwa wa nyota ambamo Jua limo, kilipo. Kutoka kaskazini mwa Ulaya sehemu hiyo hukwaruza upeo wa macho, na kwingine haionekani kabisa. Kutoka Matamba iko ngumi mbili tu kutoka utosini. Tazama mistari ya giza inayoukata ukanda ule mweupe. Mistari hiyo ni vumbi na gesi iliyoziba nyota za nyuma, na ndimo nyota mpya zinamozaliwa.

Kuanzia Novemba hadi Februari, angalia kusini utafute mabaka mawili meupe yasiyosogea kama mawingu: Mawingu ya Magellan. Ni galaksi ndogo jirani. Kubwa iko miaka ya nuru kama 160,000, na mwaka 1987 nyota moja ndani yake ililipuka, ikaonekana kwa macho matupu. Novemba hiyohiyo, saa 3 hadi 4 usiku, geukia kaskazini, ngumi nne juu: doa refu hafifu ni Andromeda, miaka ya nuru milioni 2.5. Hicho ndicho kitu cha mbali kuliko vyote ambacho macho ya kawaida huweza kukiona kwa urahisi.

Kwa kutambua unachokiona, weka programu ya bure ya Stellarium kwenye kompyuta, andika mahali ulipo, kisha sogeza saa mbele na nyuma. Itumie mchana kujiandaa. Usiku acha macho yafanye kazi.

Kazi ya mchana: kijiti na kivuli

Hapa ndipo mtu anapoacha kuwa mtazamaji na kuanza kupima. Kama una wanafunzi, fanya hili kabla ya kitu kingine chochote.

Simamisha kijiti cha mita 1 juu ya ardhi sawa. Kihakikishe kwa timazi, au uzi uliofungwa jiwe. Ardhi ipime kwa pima maji ya fundi. Kuanzia saa 6 mchana hadi saa 7 na nusu, weka alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Ncha itaonekana na ukungu kwa sababu Jua lina upana wa nusu nyuzi, kwa hiyo weka alama katikati ya ukungu huo. Kivuli kifupi kuliko vyote kinaonyesha adhuhuri ya kweli ya mahali hapo, na mstari wake ni kaskazini-kusini.

Utagundua kwamba adhuhuri ya Mbeya haiji saa 6 kamili, bali kwa wastani saa 6 na dakika 46. Saa yetu ya Afrika Mashariki imewekwa kwa mstari wa longitudo 45, ulio mbali mashariki, nasi tuko 33 na nusu. Kila nyuzi moja ni dakika nne.

Rudia mara moja kila wiki. Tarehe 21 Juni Jua liko kaskazini yetu, na kijiti cha mita moja kitatupa kivuli cha sentimita 63 hivi kuelekea kusini. Tarehe 21 Desemba Jua limehamia kusini na kivuli cha sentimita 26 kinaelekea kaskazini. Katikati kuna siku mbili ambazo kivuli cha adhuhuri hutoweka kabisa: kwa Mbeya ni karibu 26 Februari na 16 Oktoba. Iringa, iliyo karibu zaidi na ikweta, hupata siku hizo kama tarehe 1 Machi na 13 Oktoba. Oktoba ndiyo ya kuaminika kwa sababu ya mawingu ya Februari. Simama uwanjani 16 Oktoba saa 6 na dakika 32, kivuli chako kitakuwa chini ya nyayo zako.

Sasa tafuta mwenzako Mwanza. Mwanza iko karibu kaskazini kabisa mwa Mbeya, adhuhuri zake zinatofautiana na zetu kwa dakika mbili tu, na umbali wa kaskazini-kusini kwa mstari ulionyooka ni kilomita 705 hivi (usitumie umbali wa basi, barabara inazunguka). Siku ambayo kijiti chako hakina kivuli, chake cha mita moja kitakuwa na kivuli cha sentimita 11 hivi. Gawanya 11.2 kwa 100, tafuta pembe yenye tanjenti hiyo: nyuzi 6.4. Duara zima ni nyuzi 360, kwa hiyo 360 gawanya kwa 6.4 ni kama 56. Zidisha kwa 705 na utapata karibu kilomita 39,700. Mzingo wa Dunia unaopita kwenye ncha zake ni kilomita 40,008.

Eratosthenes, msomi wa Kigiriki, alifanya hesabu ya namna hii katika karne ya 3 kabla ya Kristo huko Misri, akilinganisha Aleksandria na Aswan. Wanafunzi wawili wa kidato cha tatu wenye simu na vijiti wanaweza kuirudia kwa mchana mmoja.

Mwezi na sayari

Mwezi wengi huutazama ukiwa mpevu, wakati ambao hauna vivuli na mashimo hayaonekani. Utazame siku ya tano hadi ya kumi baada ya mwandamo, kwenye mstari unaotenganisha nuru na giza: milima na mashimo hujitokeza kwa vivuli virefu. Kila usiku, saa ileile, mwezi husogea mashariki kwa zaidi kidogo ya ngumi moja. Uchore kwenye daftari.

Sayari zinajulikana kwa kutulia: nyota humetameta, sayari kwa kawaida hazimetameti. Zuhura ni ile inayong'aa sana jioni magharibi au alfajiri mashariki, kamwe haikai juu usiku wa manane. Mirihi ni nyekundu. Mshtarii ni mweupe na mkali. Zohali ni ya manjano, na itakuwa bora kuanzia Septemba hadi Desemba 2026, kwani 4 Oktoba 2026 itakuwa mkabala na Jua, ikionekana usiku kucha. Februari 2027 Mshtarii na Mirihi zitapita hatua hiyo kwa kufuatana, tarehe 10 na 19.

Ukija wakati wa kununua

Chombo cha kwanza kiwe darubini ya macho mawili ya 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na hiyo ya pili ndiyo inayokusanya nuru. Iegemeze kwenye ukuta au tawi ili isitetemeke. Utaona miezi minne ya Mshtarii ambayo Galileo aliiona mwaka 1610, maelfu ya nyota ndani ya Njia Nyeupe, na Omega Centauri, lundo la nyota lililo miaka ya nuru 17,000 hivi, likionekana kama mpira wa ukungu juu ya Alpha na Beta Centauri.

Darubini ya kusimama baadaye. Yoyote inayouzwa kwa kujisifu kwamba inakuza mara 500, iache dukani. Kinachotafutwa ni upana wa kioo na miguu imara. Ya kioo cha milimita 130 hadi 150 juu ya kiti cha mbao cha aina ya Dobson itakutosha kwa miaka mingi. Pete za Zohali zinahitaji ukuzaji wa mara 25 au 30 tu.

Usielekeze kifaa chochote cha kukuza kwenye Jua bila kichujio maalumu mbele ya kioo. Jicho huungua bila maumivu.

Kuligusa anga huko Mbozi

Magharibi mwa Mbeya, kijiji cha Ndolezi katika wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe, kipo Kimondo cha Mbozi. Ni bonge la chuma lenye urefu wa zaidi ya mita 3, na uzito wake kwa kawaida hutajwa kuwa tani 16 hivi, moja ya vimondo vikubwa vinavyojulikana duniani. Asilimia 90 ni chuma, karibu 9 ni nikeli. Wenyeji walikijua zamani. Habari zake ziliwafikia wataalamu wa nje mwaka 1930 kupitia mpima ardhi W. H. Nott. Unafika kwa barabara ya Tunduma, ukichepuka kabla ya Vwawa.

Nenda na sumaku ndogo na dira. Sumaku itanasa. Zungusha dira kando yake uone sindano inavyoyumba. Tafuta vijishimo laini juu ya ngozi yake, na sehemu iliyokatwa kwa msumeno kuchukuliwa sampuli. Kisha jiulize nikeli imetoka wapi. Chuma cha kawaida cha ardhini hakina nikeli kiasi hicho; chuma cha namna hii kilijitenga ndani ya kiini cha sayari ndogo iliyovunjika, miaka bilioni kadhaa iliyopita. Tarehe 30 Juni, Siku ya Kimataifa ya Asteroidi (miamba midogo inayolizunguka Jua), ni siku nzuri kwenda na wanafunzi. Huadhimishwa kwa kukumbuka mlipuko wa Tunguska, Siberia, 1908.

Vimondo vidogo utaviona nyumbani: karibu 6 Mei kabla ya mapambazuko, vumbi la kometi ya Halley, na mwisho wa Julai baada ya usiku wa manane, wakati wa kiangazi chetu. Lala chali, bila darubini, saa nzima, na uhesabu.

Kupatwa kwa Jua na Mwezi

Tarehe 1 Septemba 2016 maelfu ya watu walikusanyika Rujewa, Mbarali, kuona Jua likibaki pete kuelekea saa sita mchana. Mwezi ulikuwa mbali kidogo na Dunia, ukashindwa kulifunika Jua lote. Asubuhi ya 21 Mei 2031 kupatwa kwa aina hiyohiyo kutapita tena juu ya Tanzania. Nunua miwani yenye alama ya ISO 12312-2 mapema, kabla bei haijapanda. Filamu za eksirei, miwani ya jua na ndoo ya maji hazikingi macho. Ukikosa miwani, simama chini ya mparachichi ulipe Jua mgongo: matundu kati ya majani yatatupa chini mamia ya picha ndogo za Jua lililokatwa, na unaweza kutandika shuka jeupe kuzipokea.

Kupatwa kwa Mwezi hakuhitaji kinga yoyote. Jioni ya 31 Desemba 2028 mwezi utachomoza Mbeya ukiwa tayari umeanza kuingia kivulini, na kuanzia saa 1 na robo usiku hivi hadi kama saa 2 na nusu utakuwa mwekundu wote, kwa nuru iliyopindishwa na hewa ya Dunia. Ni msimu wa mvua, kwa hiyo angalia mawingu tangu saa kumi alasiri na uwe tayari kuhamia Usangu.